Furushi la Bei Moja

Ndugu yetu mmoja wa darasa hili, mwenye duka la vyakula, alituletea swali ambalo kwa dhahiri ni dogo, nasi tulidhani tutalijibu kabla ya adhana ya Isha. Halikujibika. Tulilizungumza majuma mengi, tukahitilafiana, tukafungua vitabu, na sasa twaliweka mbele ya wasomaji wetu, kwani twaamini kuwa wengi wao, wauzao na wanunuao, limewapitia mikononi bila ya wao kulitambua.

Swali liliandikwa katika daftari la darasa mwezi wa Shaaban 1445, yaani Februari 2024. Kila mwaka, Shaaban iingiapo, ndugu yetu huyu hufunga mafurushi ya Ramadhani. Katika kila furushi hutia mchele, sukari, unga wa ngano, tambi, mafuta ya kupikia, majani ya chai na pakiti ya tende, kisha akalitia bei moja. Mwenye kulitaka hulipa na kwenda zake. Hakuna aulizaye mchele ni kiasi gani wala tende ni kiasi gani. Akatuuliza: “Maalim, je, nina haki ya kuuza hivi, au yanipasa kila kitu nikipe bei yake, mtu achague atakacho?”

Mmoja wetu alijibu papo hapo kuwa ni halali, kwa kuwa muuzaji ameridhika na mnunuzi ameridhika, na bei yajulikana. Mwengine akasema si halali, kwa kuwa bei ya kila kitu peke yake haijulikani, na lisilojulikana ni gharari. Wakashikana hapo hata tukaadhiniwa.

Yafaa tuanze na huyu wa pili, kwani katika fikihi amekosea, ingawa kuna jambo alilolihisi ambalo wa kwanza hakulihisi. Madhehebu ya Imam Shafi, ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu, hayamkatazi mtu kuuza vitu viwili au kumi kwa bei moja katika mapatano mamoja. Katika Minhaj ya Imam Nawawi mna faslu nzima juu ya mapatano ya namna hiyo, na mfano wake mashuhuri ni wa mtu aliyeuza siki na ulevi kwa bei moja. Biashara ya ulevi huanguka, ya siki husimama, na mnunuzi ambaye hakujua hupewa hiari: akitaka huvunja yote, akitaka huchukua siki kwa sehemu yake ya ile bei. Hebu msomaji azingatie neno hili “sehemu yake”. Hata bei ikiwa moja, sharia huiona kuwa ndani yake mna mafungu, na kila kitu kina fungu lake, ijapokuwa muuzaji hakulitaja.

Wako wanaodhani kuwa katazo la Mtume, rehema na amani zimshukie, la kufanya biashara mbili ndani ya moja, lamgusa mwenye furushi. Halimgusi. Imam Shafi amelieleza kwa mtu anayemwambia mwenziwe: nakuuzia nyumba yangu kwa kadha, kwa sharti nawe uniuzie kitu chako kwa kadha. Hapo biashara moja imetundikwa juu ya nyingine. Mchele na tambi katika kapu moja si hivyo. Ni biashara moja yenye vitu viwili. Basi kwa upande wa kusihi kwake mauzo haya yamesihi, na sisi hatupendi desturi ya baadhi ya watu ya kuharamisha jambo kwa sababu tu halikuwapendeza.

Walakini kusihi kwa mauzo ni mlango wa kwanza tu wa nyumba. Mtu aweza kuuza kwa mapatano yaliyosihi na bado akalala na dhulma chini ya mto wake.

Iko hadithi katika Sahihi ya Muslim ambayo tuliisoma mara mbili katika darasa kwa ajili ya swali hili. Sahaba Fadhala bin Ubayd, siku ya Khaybar, alinunua kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili. Alipokifumua, akatenga dhahabu mbali na shanga mbali, akaona kuwa dhahabu peke yake imezidi dinari kumi na mbili. Akamtajia Mtume khabari hiyo, naye akaelekeza kuwa kitu kama kile kisiuzwe mpaka kitengwe.

Twataka kuwa waaminifu katika kuitumia hadithi hii. Hukumu yake yahusu mali ya riba kwa mali ya riba, yaani dhahabu kwa dhahabu. Na maulamaa wa madhehebu yetu wakajenga juu yake mas-ala maarufu ya kibaba cha tende za ajwa, mtu anapouza kibaba cha tende pamoja na dirhamu moja kwa vibaba viwili. Mwenye kununua mchele na tende kwa shilingi hayumo katika hukumu hiyo, na mwenye kumtia humo anainyosha hadithi kupita urefu wake. Lakini hikima yake yaonekana na kila mwenye macho: kilichofungwa pamoja hakijulikani kiasi chake mpaka kifumuliwe. Na tazama pia kwamba aliyepunjika pale, bila ya kujua, alikuwa muuzaji, si mnunuzi. Kutokujua hakuchagui upande wa kaunta.

Tukiwa juu ya dhahabu, tuseme neno moja ingawa si swali letu. Wako akina mama wanaokwenda kwa sonara na bangili kuukuu, wakazipima, wakachukua bangili mpya zenye uzito mwengine, na tofauti wakailipa kwa shilingi, yote hayo kwa mapatano mamoja. Hapa ndipo penye katazo hasa! Njia ya salama ni ile Mtume aliyoelekeza katika tende duni na tende bora: uza ulicho nacho, shika thamani yake, kisha nunua ukitakacho. Ajabu yetu ni kuwa juu ya bangili hatujaulizwa hata mara moja, na juu ya tambi tumeulizwa.

Turudi dukani. Kwa nini mfanyabiashara apende kufunga vitu pamoja? Ndugu yetu alisema ni kwa ajili ya kuwarahisishia watu, nasi twamsadiki kwa kiasi. Ni kweli kuwa furushi lina nafuu. Mchele hupimwa mara moja kwa wingi, mfuko ni mmoja, foleni ni fupi, na mwanamke aliyefunga saumu hasimami juani akitajiwa bei saba. Na yako mambo ambayo hayanunuliki vizuri ila kwa pamoja. Mwenye kwenda Hija kwa mara ya kwanza atawezaje kujitafutia tikiti, nyumba ya Makka, nyumba ya Madina, hema la Mina na gari la kumpeleka Arafa, kila kimoja kwa mtu wake? Bei moja humpa utulivu, maadamu ameelezwa wazi nyumba iko wapi na watu wangapi watalala chumba kimoja. Tatizo la Hija si bei kuwa moja. Ni pale maelezo yanapokuwa machache kuliko bei.

Ila iko sababu nyingine ya kufunga vitu pamoja, nayo haisemwi dukani. Tuieleze kwa hesabu, na msomaji atusamehe, kwani bila ya hesabu haionekani.

Tuchukue wanunuzi wawili. Wa kwanza hupenda tende: yu tayari kutoa shilingi 400 kwa tende na 100 kwa tambi. Wa pili ana watoto wapendao tambi: yu tayari kutoa 250 kwa tende na 200 kwa tambi. Muuzaji akiuza kila kitu mbali, na akataka wote wawili wanunue vyote viwili, hana budi kuuza tende kwa 250 na tambi kwa 100. Kila mtu atalipa 350, na muuzaji atapata 700. Sasa avifunge pamoja, aseme: shilingi 450. Wa kwanza, ambaye kwake vyote viwili vina thamani ya 500, atanunua. Wa pili, ambaye kwake vina thamani ya 450, naye atanunua. Muuzaji amepata 900.

Hizo 200 zimetoka wapi? Hakuna tende iliyoongezwa wala tambi iliyoongezwa. Mchukuzi hakubeba zaidi. Kila mnunuzi ametoa shilingi 100 zaidi ya ambazo angetoa kama vitu vingaliuzwa mbali, na hakuna mmoja wao aliyeona mkono ukiingia mfukoni mwake. George Stigler, mwanachuoni wa uchumi wa Marekani, aliieleza hesabu ya namna hii mwaka 1963, alipokuwa akizungumzia makampuni yaliyokuwa yakiviuzia vituo vya televisheni filamu nzuri na mbovu kwa mkupuo mmoja; na mahakama kuu ya nchi ile ilikuwa imekwisha kulikataza jambo hilo mwaka 1962. Basi si siri ya wauza duka wa Mombasa peke yao.

Je, faida hii ni haramu? Hatusemi hivyo. Uislamu haukuweka kikomo cha faida. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja akanunue kondoo. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Na watu wa Madina walipolalamika kuwa bei zimepanda na wakamtaka Mtume awapangie, alikataa, akahofia kukutana na Mola wake hali ya kuwa mtu anamdai dhulma. Mwenye duka ana haki ya kutafuta riziki kwa akili yake. Lakini tulimwambia ndugu yetu hivi: usituambie kuwa wafunga furushi ili kuwarahisishia watu, kama kwa hakika wafunga ili wasijue. Kipimo ni chepesi. Liandike furushi kwa karatasi, mchele kadha, sukari kadha, tende kadha, na bei ya furushi chini yake. Na kila kitu hicho kiwe juu ya rafu kwa bei hiyo hiyo kwa asiyetaka furushi. Ikiwa bado watu watalinunua, basi nafuu yake ni ya kweli.

Hapo ndugu yetu alinyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini: “Nikiandika hivyo, tende hazitatoka.”

Tukamuuliza kwa nini. Akatueleza khabari ambayo hatukuitazamia, na ndiyo iliyotufanya tuache kulijibu swali kwa haraka. Katikati ya mwaka 2023 sukari ilipanda bei nchini ikawa taabu kupatikana. Alikwenda kwa mwenye ghala anayenunua kwake siku zote, ambaye hatumtaji, akaambiwa: sukari ipo, lakini hupewi magunia ila uchukue na makatoni ya tende. Zilikuwa tende zilizobaki baada ya Ramadhani ya mwaka ule, na msimu wake umekwisha. Yeye alihitaji sukari. Bila ya sukari wateja wake wangehamia duka la pili. Akachukua makatoni ishirini. Sukari ikauzwa kwa siku chache. Tende zikakaa stoo miezi minane, zikakauka na nyingine zikaota sukari kwa juu. Hazikuoza, akatuapia, na sisi twamsadiki. Ila hakuna mtu ambaye angezitazama katika sahani kisha akazinunua. Ndipo akazitia ndani ya mafurushi, pakiti moja chini kabisa, chini ya unga.

Sasa twaona swali limebadilika sura. Muuza chakula wa Madina, ambaye Mtume alimpitia, alikuwa na lundo la nafaka. Mtume akatia mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Yule mtu akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke unyevu ule juu watu wauone, kisha akamtoa mwenye kughushi katika jamii yake. Yapasa tuzingatie kuwa udhuru wa yule mtu ulikuwa wa kweli: mvua ilinyesha, hakuileta yeye. Wala hakuulizwa juu ya mvua. Aliulizwa juu ya kuiweka chini. Ndugu yetu naye hakuzileta zile tende kwa hiari yake, alinyeshewa. Lakini aliziweka chini ya unga kwa mkono wake.

Na kila anayekwenda Kongowea au Marikiti ajua kuwa lundo lile lingaliko. Fungu la nyanya lina nyekundu nne juu na laini mbili chini. Fungu ni furushi la masikini. Halina kamba, lakini ni bei moja kwa vitu vingi, na sharia yaruhusu kuuza lundo kwa kulitazama. Sharti ni kutazama. Muuzaji anayekasirika mteja anapogeuza nyanya amekwisha kutoa ushahidi juu ya nafsi yake.

Tuseme pia juu ya yule mwenye ghala, kwani twaona watu humhurumia mwenye kujificha nyuma ya wingi wa mali. Kumwambia mtu “hupati ukitakacho ila uchukue nisichokitaka mimi” wakati kitu kile kimeadimika, hiyo ridhaa yake ni ridhaa ya namna gani? Qur-ani katika Sura ya An-Nisaa imeweka kuridhiana kuwa ndiyo mpaka baina ya biashara na kulana mali kwa batili. Ulimi wa ndugu yetu ulisema “nimekubali”. Haja yake ndiyo iliyokubali. Sheria ya nchi nayo imeligusa jambo hili: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 24, yahesabu kuwa ni kutumia nguvu vibaya pale mwenye kutawala soko anapomlazimisha mtu kukubali masharti ya ziada yasiyohusiana na kile kinachouzwa. Kifungu hicho chamtazama mwenye kutawala soko tu, na huenda mwenye ghala wetu si mkubwa kiasi hicho. Adhabu ya serikali ina kipimo cha ukubwa. Dhulma haina.

Wako waliotuambia, baada ya kusikia haya, kuwa dawa ni kuuza kila kitu mbali mbali na kuondoa furushi kabisa. Twaona wamekwenda mbio. Kuuza mbali mbali nako kuna mtego wake, na mtego huo humnasa masikini kuliko mwengine yeyote. Tazama mauzo ya kadogo katika vichochoro vyetu: mafuta ya kupimiwa, majani ya chai ya pakiti ya siku moja, sukari ya robo, sabuni ya kukatwa kipande. Kila kitu kina bei yake, bei iko wazi, hakuna kilichofungwa na kingine. Lakini mchukuzi wa bandarini alipwaye kwa siku, akijumlisha vipande vyake mwisho wa mwezi, hupata kuwa amelipa kwa kilo moja zaidi ya tajiri anunuaye gunia. Kwake yeye furushi la haki lingekuwa rehema, kwani ndilo lingempa bei ya wingi bila ya kuwa na fedha za wingi. Kwa hiyo hatukubali kuwa kutenga ni uadilifu na kufunga ni dhulma. Mtu aweza kutenga kwa dhulma na akafunga kwa uadilifu.

Wala hatukubali udhuru wa wale wasemao kuwa mteja ana akili yake, na asiyetaka aache. Asiyetaka aache, ndiyo, pale anapoweza kuacha, na pale anapojua anachokiacha. Katiba ya nchi hii ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili afaidike na anachonunua. Twaona haya kidogo kuitaja Katiba baada ya kutaja hadithi, kana kwamba hadithi haikutosha. Lakini tumeona wako Waislamu ambao husikia upesi zaidi neno likitoka Nairobi.

Basi tukamwambia ndugu yetu: zitoe tende katika mafurushi. Zitie sinia mbele ya duka, useme kuwa ni za mwaka uliopita, uzipunguzie bei. Zitakazonunuliwa zitanunuliwa na mtu aliyeziona. Hasara utakayopata ni ya lile sharti la ghala, na ni bora ikuishie wewe unayeijua asili yake kuliko uipitishe kwa asiyeijua.

Akasema: “Maalim, hamjanielewa bado. Wanaonunua mafurushi si wenye kula.”

Nasi kwa hakika hatukuwa tumemwelewa. Akatufungulia daftari lake. Mafurushi mengi ya mwaka uliotangulia hayakununuliwa na watu wa nyumbani kwa ajili ya futari zao. Yalinunuliwa na wafadhili: huyu kumi, yule hamsini, jamaa walioko ng’ambo waliotuma fedha kwa simu, vijana wa mtaa waliochangishana, na jina moja la mtu wa siasa. Wote walinunua ili wagawe. Mwenye kulipa halifungui furushi, na mwenye kulifungua hakulilipia. Ndiyo sababu hapana aliyewahi kurudi na zile tende. Nani angerudi nazo? Mjane hawezi kumwambia aliyempa sadaka kuwa tende zako zimekauka. Ataambiwa hana shukrani.

Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewakataza waumini wasikusudie kilicho kibaya wakakitoa, hali ya kuwa wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Tulikuwa tukiisoma aya hii kwa ajili ya tajiri mchoyo anayechagua mbuzi kilema. Hatukuwa tumefikiri kuwa tajiri aweza kuwa mkarimu wa kweli, na fedha yake safi, na ubaya ukaingia njiani, dukani, ndani ya kamba, na yeye asijue. Macho yake hakuyafumba. Alifumbiwa na furushi. Lakini je, hana dhambi hata kidogo mtu anayenunua vitu hamsini kwa bei moja bila ya kufungua kimoja? Lau angekuwa anainunulia nyumba yake, angefungua.

Hapa palituchelewesha sana. Baadhi yetu walisema mfadhili aache furushi kabisa, ampe masikini fedha, naye atakwenda dukani achague. Wengine wakasema fedha huishia kwa madeni ya duka kabla ya kufika jikoni, na chakula hakikosi kuliwa na watoto. Zakatul-fitri katika madhehebu yetu ni chakula, pishi moja kwa kila mtu, na hapo hatuna la kugeuza. Lakini mafurushi haya ni sadaka tu, na sadaka haikufungwa kwa kamba hiyo. Mwenye kutoa ana nafasi ya kumuuliza anayempa: wataka nini? Neno hili fupi hatukulisikia likisemwa na mfadhili yeyote katika daftari lile, wala, tukikiri kweli, na sisi wenyewe tulipokuwa tukigawa kwa jina la darasa.

Ndugu yetu alizitoa tende. Alitutumia salamu siku ya pili ya Ramadhani kuwa sinia liko nje, karatasi ya bei imebandikwa, na watu wanazinunua kidogo kidogo kwa kufanyia achari na maji ya tende. Katika kila furushi akatia orodha ya vitu na bei zake. Wafadhili wawili walikasirika, kwa kuwa waliona furushi limepungua kitu na hawakutaka kusikia maelezo. Mmoja alihamia duka jengine. Tulifurahi naye, na tukadhani kuwa khabari imekwisha, na kuwa sasa twaweza kuandika.

Katika kumi la mwisho akaja mwenyewe, baada ya tarawehe, na mkononi ana furushi. Tulilijua kwa kamba yake ya buluu. Lilikuwa halijafunguliwa. Alisema mama mmoja, mjane wa mtaa wa pili, amemletea mchana ule na kumwomba alinunue. Mama huyo alipata mafurushi manne mwezi ule kutoka kwa watu wanne. Tambi anazo za kutosha mpaka Mfunguo Tatu. Mtoto wake ana kikohozi, na dawa haiuzwi kwa tambi. Aliomba apewe nusu ya bei iliyoandikwa kwenye orodha, ile ile orodha tuliyomshauri aitie. Ndugu yetu alimpa bei kamili na akaona haya kumtazama usoni.

Akaliweka furushi juu ya mkeka katikati yetu. Kila kitu kilichomo ni kizima, bei ya kila kitu imeandikwa, na yeye ni mwenye duka, kazi yake ni kuuza. Akauliza: “Sasa hili nimuuzie nani?”